Picha ya Raya Isiyo na Kovu

Nitasema hapa hapa mwanzoni, ili asiyetaka kuniamini ainuke mapema akaendelee na shughuli zake: haya yalinipata mimi, si jirani yangu, wala si shoga wa shoga yangu. Yalinipata hapa Tanga, mchana kweupe, kati ya adhuhuri na alasiri, nikiwa na akili zangu timamu na tumboni nina chakula. Najua watu wanapenda mambo ya namna hii yaje usiku wa manane, mbwa wakilia. Sasa nifanye nini? Mimi yalinijia jua likiwaka, jasho linanitiririka mgongoni, miguu inaniuma. Nimeshayasimulia mara nyingi, na kila nikiyasimulia hunichosha upya. Basi nisikilize vizuri, nisije nikarudia.

Ilikuwa miaka ile ya hamsini, Mwingereza bado yupo bomani. Mimi nilikuwa mjane wa makamo, nakaa Ngamiani, chumba kimoja cha uani, na kazi yangu ilikuwa kuosha maiti za wanawake. Shangazi yangu ndiye aliyenifundisha. Haikuwa kazi ya kutajirika. Utapewa kipande cha sabuni, leso moja, na dua. Lakini mtu akifa hachagui saa, na mwosha naye hachagui. Nilikuwa naitwa nikiwa na homa, naitwa wakati wa kufuturu, naitwa mvua inanyesha. Nikirudi nyumbani mikono inanuka kafuri hata nikila wali nauona una kafuri. Shangazi alinipa sharti moja tu kubwa, aliniapisha kwalo: "Ulichokiona kwenye kitanda cha kuoshea, kife na weye. Awe na kidonda, awe na alama, awe kafa kakunja uso, usimwambie mtu. Maiti ni amana." Nikaapa. Na niamini, kwa miaka yote ile sikuwahi kuvunja.

Sasa, kulikuwa na mwimbaji akiitwa Raya binti Kombo, watu wakimwita Raya Marashi. Kwao Mabawa. Kama hukuwa mtu mzima miaka ile huwezi kujua sauti yake ilikuwa nini. Akiimba harusini, wanaume waliokaa nje barazani walikuwa wanaacha kahawa ipoe. Wenye santuri wakaja wakamchukua, wakaiingiza sauti yake kwenye sahani, na ili sahani zinunuliwe wakapeleka picha yake Bombay ikachapwe kwa rangi. Loo, picha ile! Ilijaa kila mahali kuanzia Pangani hata Mombasa. Ukitoa malkia wa Waingereza aliyetundikwa maofisini, hakuna mwanamke aliyetundikwa kuta nyingi kuliko Raya. Kwenye duka la Muhindi aliyeuza sahani walizipanga kumi ukutani, sura ile ile mara kumi, moja imezidi njano, moja imezidi buluu, zote zinakutazama.

Lakini ile rangi haikuwa rangi ya mtu. Uso wameutia waridi kama halua. Kope buluu. Midomo imepigwa wekundu, na wekundu wenyewe umeruka mstari kidogo, kama aliyechapa alisukumwa kiwiko. Na kidoto cheusi shavuni ambacho Raya hakuwa nacho. Watu hawakujali. Waliipenda kuliko mwenyewe.

Raya alikufa kijana, homa ya tumbo, siku nne tu. Nikaitwa mimi.

Nilipomfunua ndipo nikaona jambo ambalo Tanga nzima ilikuwa hailijui. Alikuwa na kovu la moto, limeanzia kidevuni, limeshuka shingo yote mpaka chini ya mtulinga, limejikunja kama utando wa maziwa yaliyopoa. Kumbe ndiyo maana siku zote alikuwa akiimba ameifunga leso shingoni, na poda nyingi kidevuni. Nilimwosha, nikamsuka nywele mafungu matatu kama sheria inavyotaka, na fungu la tatu lilitoka vibaya, limekaa upande, kwa sababu tangu alfajiri nilikuwa nimeshaosha mtu mwingine Makorora na vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Nilimwomba radhi kimoyomoyo. Nikamfunika.

Halafu nikaita wenye kuaga. Wakaja wanawake wa ukoo, mmoja mmoja. Mama yake, Bi Mize, alifika mlangoni akalishika pazia, akasimama pale pale.

"Ingia, Bi Mize. Ndio mara ya mwisho."

"Siwezi."

"Ni mwanao."

"Mie ndiye niliyemuunguza," akasema. "Alikuwa na miaka mitatu. Uji ulikuwa jikoni, mie nasema na jirani uani. Siwezi kumtazama shingo, mwanangu. Mfunike tu, mie nishachoka."

Hakuingia. Raya akaondoka bila ya kuagwa na mamake. Hilo nalo nililiweka moyoni, nikaenda zangu nyumbani kulala.

Ikapita kama miezi saba. Siku moja Bi Mize akaniita. Nikamkuta barazani kwake Mabawa, amekonda, macho yameanza kuingia ukungu.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba mwanangu. Kaa. Nina neno."

Neno lenyewe lilikuwa hili. Mwarabu mmoja mwenye hoteli ya kahawa pale Ngamiani alikuwa anahama, anarudi kwa jamaa zake Maskati, na vitu vyote vya hoteli vinauzwa mnadani Jumamosi. Na ukutani mwa hoteli ile kulikuwa na picha kubwa ya Raya, kubwa kuliko zote, iko peke yake mjini, imewekwa kwenye fremu ya mbao yenye kioo, kimo chake kama mtoto wa miaka saba.

"Hivi vipicha vidogo macho yangu hayavipati," akasema Bi Mize. "Nataka ile. Nimeuza vipuli vyangu vya masikio. Nenda weye ukaninunulie, weye ulimshika mara ya mwisho."

Nikamuuliza, kwa upole, kwa nini anaitaka sana.

"Kwa sababu pale hana," akasema, akajishika kidevu chake mwenyewe. "Nimtazame japo kidogo, mwanangu akiwa hana nililomfanya."

Ungemkatalia? Mimi sikuweza.

Jumamosi nikaenda. Mnada ulikuwa mbele ya hoteli, baada ya sala ya adhuhuri. Wanaume wamejaa katikati, baiskeli zao wameziegemeza ukutani, sisi wanawake wachache tumesimama pembeni kwenye kivuli chembamba. Dalali alikuwa mtu mfupi, Bwana Athumani, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Akauza masinia, akauza mabirika, akauza meza za marumaru na viti vya kukunja. Jua kali. Mimi usiku uliopita nilikuwa nimekesha kwenye msiba, nimesimama nasinzia kama kuku. Mwisho picha ikatolewa nje, ikaegemezwa kwenye kiti.

"Jamani, hii si karatasi!" dalali akapiga kelele. "Huyu ni Raya! Nani anaanza?"

Wakaanza. Mchinja nyama mmoja, mwenye duka mmoja, na mimi. Mchinja nyama akaacha mapema. Mwenye duka akajikuna kichwa, akaangalia ile fremu, akaacha naye. Nikashusha pumzi nikijua nimepata. Ndipo nikasikia sauti nyuma, upande wa ukutani.

"Naongeza."

Sauti ya mwanamke. Kavu, inakwaruza, kama ya mtu aliyeamka na kidonda cha koo. Nikageuka nikaona buibui jeusi, limeshushwa usoni. Nikatia bei nyingine. "Naongeza," akasema. Nikatia tena. "Naongeza." Hivyo hivyo mpaka fundo la pesa la Bi Mize likaisha, na mimi nikatia na la kwangu la kununulia mchele, na yule mwanamke, bila hata kutikisika, akasema, "Naongeza."

Nikaacha. Nilikuwa nimechoka, sikuona hata aibu.

"Ya kwanza! Ya pili! Ya tatu! Imekwenda kwa mama wa nyuma, pale ukutani!" Bwana Athumani akapenya watu kwenda kumfuata.

Hakumkuta. Palikuwa na viti vilivyofungwa kamba, na mzee mmoja amevikalia.

"Yuko wapi mama aliyesimama hapa?"

"Mama gani? Mimi nimekaa hapa tangu masinia. Hajasimama mtu."

Watu wakacheka, wengine wakasema dalali amejiongezea bei mwenyewe. Bwana Athumani akarudi uso umembadilika. Akanijia karibu, akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo: "Mama, weye uliyemalizia, chukua. Kwa bei yako." Kisha akaniuliza, "Lakini ulimsikia, siyo?"

"Nilimsikia."

"Basi chukua uondoke nayo upesi."

Ningekuwa na akili ya kutosha siku ile ningeiacha palepale. Lakini nilichokiona mimi ni Bi Mize barazani ananisubiri.

Mtu wa mkokoteni alikuwa ameshaondoka na masinia ya watu. Nikaifunga picha na gunia, nikaibeba mwenyewe, mara kichwani, mara begani, mara naikokota. Kutoka Ngamiani kwenda Mabawa si mbali ukiwa mikono mitupu. Ukiwa na kioo na mbao, mchana kama ule, kila nyumba inakuwa mtaa. Barabara tupu, watu wamejifungia wanalala. Nikafika mahali pana ukuta mrefu, nikaweka mzigo chini nipumue.

"Nikushikie huku?"

Mwanamke wa buibui. Nilidhani ametoka kwenye nyumba mojawapo, tena sikufikiri kuwa ndiye yule wa mnadani. Mabuibui yote meusi. Na kusema kweli, mtu akitaka kukupokea mzigo ukiwa katika hali ile, humuulizi kabila lake. Nikasema ahsante, dada. Akashika upande wa nyuma, mimi nikashika wa mbele, tukaenda. Mzigo ukawa mwepesi hata nikaona raha.

Tukaenda hivyo. Mbele akaja mwanamume juu ya baiskeli, amefunga tita la kuni nyuma. Alipotukaribia akapunguza mwendo, akanitazama kwa huruma.

"Mama, pole. Mzigo mkubwa huo, mbona unabeba peke yako?"

Akapita.

Nadhani unaelewa. Miguu yangu iliendelea kwenda hatua kama tatu, nne, yenyewe. Sikugeuka. Nikasikia harufu ya kafuri, nikajiambia ni mikono yangu. Kisha ile sauti kavu ikasema nyuma yangu, bila ukali wowote:

"Tuiweke chini. Nataka kukuuliza."

Tukaiweka. Mimi nikakaa kwenye vumbi. Akachutama mbele yangu, akalifungua gunia taratibu, Raya wa waridi na buluu akatokea, jua linampiga kwenye kioo.

"Huyu ni nani?"

Nikajibu, "Raya."

"Tazama vizuri. Weye ndiye uliyeniona mara ya mwisho."

Akafunua buibui.

Wallahi nilimwona. Kidevu, kovu, mkunjo wa shingo, vile vile nilivyomwacha. Nywele zilikuwa mbichi kwa maji, zimesukwa mafungu matatu, na la tatu limekaa upande. Kazi ya mkono wangu. Mtu anaweza kujifananiza na mtu, na majini nao husemwa wanajifananiza, lakini nani angejua habari ya fungu lile isipokuwa mimi na aliyekuwa chini ya mikono yangu? Hakuwa na sura ya kutisha. Alikuwa na sura ya mtu aliyesafiri mbali sana kwa ajili ya jambo dogo.

"Usimpelekee mama hii," akasema. "Ukimpa hii atanisahau mimi, atamkumbuka huyu."

Nikaitazama picha, nikamtazama yeye.

"Una amana yangu. Nakupa ruhusa, iseme. Mwambie mama hivi. Sufuria niliivuta mwenyewe. Alinikataza mara mbili, nikavuta. Sikuwahi kumkasirikia hata siku moja. Shingo niliifunga kwa ajili ya watu, si kwa ajili yake. Mwambie hii ndiyo shingo yangu, hii ndiyo iliyoimba." Akajigusa kovu. "Sina ninachotaka kingine. Unanisikia?"

"Nimesikia."

"Utamwambia leo?"

"Leo," nikasema.

Akashusha buibui. Muadhini akaanza kuadhini alasiri, nikageuza kichwa kwa ile sauti, nilipokirudisha palikuwa na mimi tu, gunia na picha. Vumbi la upande wake halikuwa na unyayo.

Sasa hapa ndipo ninapochoka zaidi, kwa sababu mpaka hapa kosa si langu.

Ningeweza kuipasua picha ile pale pale. Ningeweza kuiacha ukutani nikaenda kwa Bi Mize mikono mitupu na maneno yangu. Badala yake nilikaa pale mpaka moyo ukatulia, nikaifunga, nikaibeba. Nilijiambia: picha ni amana, na neno ni amana, nitampa vyote viwili. Ilionekana ni haki kabisa.

Bi Mize alikuwa amesimama nje. Akanishika mikono, akaniambia maji yapo, uji wa mchele upo, kaa mwanangu umekuwa mwekundu na jua. Tukaisimamisha picha ukumbini, mlango wazi ili mwanga uingie. Akaisogelea mpaka pua inagusa kioo. Akapitisha vidole kidevuni mwa Raya wa waridi, akavishusha shingoni, polepole, kama anayetafuta kitu alichokipoteza kwenye mchanga.

"Hakuna kitu," akasema. "Laini."

Akalia, kisha akacheka, kisha akaniambia tangu siku ya uji ule hajapata kupumua namna hii.

Ningeanza vipi? Nimwambie, Bi Mize, mwanao nimemkuta njiani, amesema uitupe? Nilikuwa sijalala usiku mzima. Mgongo unaniuma. Nikamtazama yule mama anavyofurahi, nikajiambia, mwache afurahi leo. Nitamwambia kesho.

Kesho yake nikaitwa msiba Makorora. Keshokutwa nikaenda, nikakuta wageni. Wiki iliyofuata nikaenda, tukazungumza bei ya nazi. Unajua jinsi neno linavyokuwa. Siku ya kwanza lipo kwenye ulimi, ukilichelewesha linashuka tumboni, na kulipandisha tena ni kazi. Na kila nikienda nilimkuta amekaa mkekani mbele ya picha, anazungumza nayo. Mwanzo alikuwa akiiomba msamaha. Baadaye akawa anaisimulia habari za mtaani. Baadaye akaanza kuniambia mimi habari za Raya ambazo hazikuwa za Raya: kwamba tangu mdogo alikuwa mweupe wa waridi, kwamba alizaliwa na kidoto kile shavuni, mkunga akakishangilia.

Ilipofika masika Bi Mize akaugua. Nikaona sasa basi. Nikaenda mvua ikininyeshea, nikakaa karibu na kitanda, nikamshika mkono, nikasema lote. Sufuria. Kukatazwa mara mbili. Shingo iliyoimba. Nilisema nikijua nimechelewa lakini nimefika.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa upole, kama anayemhurumia mtu aliyechanganyikiwa:

"Sufuria gani, mwanangu?"

"Ile ya uji, Bi Mize. Raya alipoungua."

"Raya wangu hakuungua kamwe." Akaielekezea picha kidole. "Si huyo hapo? Mtazame shingo."

"Amesema hana hasira na wewe."

"Hasira ya nini?"

Nikauachia mkono wake. Watu wengine niliowasimulia wameniambia, basi si heri, mama kafa bila majuto? Labda. Mimi si mwanachuoni. Ninachojua ni kwamba neno la mtoto lilikuja kwa mama, likakuta mama hana mtoto yule tena.

Alikufa siku ya tatu. Nikamwosha mimi, nani mwingine? Nikamfunika, nikafungua mlango nikaita wenye kuaga. Wakaja wanawake wachache wa ukoo, wakambusu kipaji, wakatoka. Wa mwisho alikuwa na buibui lililoloa maji. Mvua ilikuwa inanyesha, wote walikuwa wameloa, hilo lisingenishtua. Akapita mbele yangu, harufu ya kafuri ikapita naye, akainama kwa Bi Mize, akakaa hivyo kitambo kirefu. Sikuona machozi, sikusikia kilio. Bi Mize alikuwa amelala uso umeelekea kibla alikoelekezwa, kama maiti wote.

Alipoinuka akanitazama. Nilitegemea ghadhabu. Laiti ingekuwa ghadhabu! Alinitazama vile mtu anavyomtazama aliyemtuma sokoni, akarudi jioni soko limefungwa. Akatoka mlangoni na wenzake, na nilipouliza baadaye ni nani yule wa mwisho, waliniambia walikuwa watano, na mimi nilihesabu sita.

Tangu siku ile sijaosha mtu. Nilijaribu mara moja tu, bibi mmoja wa jirani. Nilipomfunua nikamwona ana uso wa waridi, kope buluu, midomo iliyoruka mstari. Nikafumba macho, nikayafumbua, akarudi kuwa bibi wa jirani. Nikawaambia watafute mwingine. Na mpaka leo, nami ni mzee sasa, kila saa ya kuelekea alasiri mwili wangu unakuwa mzito kama niliyetoka safari, hata nikiwa nimelala mchana kutwa. Mganga wa hospitali aliniambia ni damu pungufu. Nikala maini. Haikusaidia.

Ile picha warithi waliirudisha mnadani. Sikwenda. Nimesikia ilinunuliwa na mtu wa Pangani, wengine husema mtu wa Mombasa. Sijui nyumba ya nani inakaa sasa. Ukiiona, mwanamke wa waridi, kope buluu, kidoto shavuni, fremu ya mbao, usimwambie mtu kuwa huyo ni Raya. Na ukiwa mnadani ukasikia mtu nyuma yako anataka kitu kuliko wewe, hata usipomwona, mwachie.

Lakini hayo ni madogo. Kubwa ni hili, na ndilo lililonifanya nikukalishe hapa nikuchoshe na mimi nijichoshe. Mtu akikutuma neno kwa mamake, kwa mkewe, kwa nduguye, lipeleke siku ile ile. Lipeleke umechoka, lipeleke unaumwa, lipeleke hata ukikuta wanacheka na unajua utawakatisha kicheko. Usiseme kesho. Mimi nilisema kesho miezi mizima, na sasa neno lile ninalo bado, lote, hakuna lililopotea hata moja, na hakuna aliyebaki wa kumwambia.